Deni la Kidole Tumbo

Mimi sikutaka nyumba. Hilo lieleweke kabla hujanicheka. Aliyetaka nyumba ni mama watoto. Mimi nilishazoea chumba chetu cha kupanga hapa Ukunda, nyumba ya vyumba sita na choo kimoja, asubuhi foleni kama ya feri ya Likoni, kila mtu na kopo lake mkononi. Maji ya kisima yana chumvi, chai unaitia sukari mpaka mwenye duka anakuonea huruma. Bati linavuja juu ya mto wangu. Si mto wa mke wangu, hapana, wangu. Lakini nimezoea. Mvua ikianza nageuka, kichwa kinaenda upande wa miguu, nalala.

Siku moja mama watoto akarudi kutoka chamani na neno jipya. Mogeji. "Baba Riziki, tuchukue mogeji." Nikamwambia kabati lenyewe hatujamaliza kulipa, hiyo mogeji tutaiweka wapi? Akaniangalia. Ana macho yake fulani, huyatoa kwa ajili yangu tu. Kumbe mogeji ni mkopo wa nyumba. Ameshaiona na nyumba yenyewe, vyumba viwili, choo ndani, huko nyuma ya kiwanja cha ndege. Akanisomesha kama mtoto wa chuo. Ati kuna kampuni inaitwa KMRC, ilianzishwa mwaka 2018, haimkopeshi mwananchi mkononi, inazipa benki na sacco pesa za bei nafuu, nazo zikukopeshe wewe kwa riba isiyofika asilimia kumi, unalipa miaka na miaka. Mingapi? Kumi na tano, ishirini. Mimi nina arobaini na nne. Nikahesabu kwa vidole nikaishiwa vidole, nikavua viatu.

Usiniulize kwa nini sijengi kwetu Gazi. Kila mtu ananiuliza. Babu aliacha shamba na minazi kumi na saba, lakini hati hakuna. Huku kwetu Kwale ukidaiwa ushahidi wa shamba unaonyesha mnazi, na mnazi wenyewe pengine ni wa mjomba, na ardhi iliyo chini ya mnazi ni ya mtu ambaye hujapata kumwona. Benki haipokei mnazi kama dhamana. Nimeuliza. Yule kijana wa benki alidhani ninafanya mzaha, akacheka, nami ikabidi nicheke naye.

Basi nikavaa. Shati la harusi, viatu vya harusi, harusi ya mwaka 2008, kwa hiyo vyote vinanibana. Nikaingia benki, baridi ya mashine inapuliza shingoni, nikaitwa kwenye meza ya ofisa wa mikopo. Binti mdogo, utadhani rika la Riziki wangu. "Karibu mzee." Mzee! Nikaangalia nyuma kama kuna mtu.

Nikampa karatasi ya mshahara. Mimi ni mtu wa stoo katika hoteli moja ya Diani, nahesabu mayai, sabuni na karatasi za chooni. Si kazi ndogo, karatasi za chooni zinaibwa kuliko nyama. Akaisoma ile karatasi kama mtu anayesoma barua ya msiba. NSSF ya uzeeni imekata. SHA ya matibabu imekata, asilimia 2.75. Tozo ya nyumba imekata, asilimia moja na nusu, yaani kila mwezi nakatwa pesa za nyumba na nyumba sina. Akaniambia sheria ya kazi inataka theluthi ya mshahara ibaki, hata makato yawe mengi vipi. Nikamwambia theluthi yangu ikifika nyumbani hupiga hodi tu, haiketi. Na Aprili je? Mvua za masika zikija wazungu wanarudi kwao, hoteli inafunga vyumba, tunaambiwa nendeni likizo, mtaitwa. Mshahara nao unakwenda likizo. Hilo sikumwambia. Sikuulizwa.

"Sawa mzee, sasa tuangalie CRB."

Nikakunja mkono wa shati.

Wallahi nilikunja. Nilidhani wanatoa damu. Sasa kosa langu liko wapi? Hospitali kuna kipimo kinaitwa CRP, nimepimwa, herufi zinakaribiana, na mtu akikopeshwa miaka ishirini si lazima wajue kama atafika? Nikamwambia hata chai sijanywa, niko tayari. Binti akaangalia mkono wangu. Akaangalia mlinzi. Kisha akanieleza polepole, kwa sauti ile wanayotumia kwa wazee na watalii, kwamba CRB ni kampuni zinazoweka rekodi za madeni ya watu, zimepewa leseni na Benki Kuu, ziko tatu, na benki zimekuwa zikipeana habari za wadeni tangu mwaka 2010. Ati hata mimi nina haki ya kupata ripoti yangu mara moja kila mwaka bila kulipa. Miaka yote hiyo nimekuwa na kitu cha bure na sikujua! Mimi, ambaye kwenye hoteli sijaacha sabuni iliyobaki hata moja.

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Uso ukabadilika. "Mzee, hapa kuna deni la zamani. Halijalipwa tangu 2017."

Nikateremsha mkono wa shati.

Ungekuwa wewe ungeuliza ni deni gani, la nani, shilingi ngapi. Mimi sikuuliza. Nitaulizaje, na ninalijua? Miaka minane nalala nalo, naamka nalo. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo nitalimaliza," nikatoka na heshima yangu, mpaka nilipousukuma ule mlango wa kuvuta.

Ni kidole tumbo. Januari 2017, niko stoo, nahesabu mayai, niko trei ya kumi na moja, tumbo likanishika upande wa kulia nikakaa juu ya trei ya kumi na mbili. Msambweni tuna hospitali kubwa ya kaunti, kila mtu wa huku anaijua, lakini madaktari wa serikali nchi nzima walikuwa wamegoma tangu tarehe 5 Desemba, wanadai mkataba wao wa mwaka 2013. Mgomo ulikwisha Machi, siku mia moja. Na mimi madaktari sina ugomvi nao kabisa. Ugomvi wangu ni na kidole tumbo. Miaka thelathini na tano kimekaa kimya, madaktari wamejaa tele wodini, hakisemi kitu. Siku wamegoma ndiyo kinapasuka.

Nikapelekwa hospitali ya kulipia, jina nalimeza. Walinipasua vizuri, shukrani zao. Shida ilikuja nilipopona. Bili ikaletwa, imekunjwa mara tatu. NHIF, bima ya matibabu ya wakati ule, ilikuwa hai bado, ikalipa sehemu yake. Wenzangu wa hotelini wakachanga. Zikabaki shilingi 38,600, na mimi nikabaki nazo. Siku nne sikutoka. Kitanda alipewa mgonjwa mwingine, mimi nikahamishiwa kwenye benchi la ukumbini, na nyuzi zangu tumboni, na askari wa lango akazichukua kandambili zangu akaziweka kibandani kwake. Ati mtu hatoroki pekupeku. Huyo askari hajui watu wa Gazi.

Miaka baadaye mgeni mmoja wa hotelini, wakili wa Nairobi, ndiye aliyeniambia kwamba hata hilo halikuwa halali. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya Pumwani kwa sababu ya bili, akasema kumfungia mtu hospitalini kwa deni ni kuvunja haki zake. 2015! Yaani mimi nilikaa kwenye benchi miezi kumi na kitu baada ya sheria kusema nisikae. Lakini nitajuaje? Pale ukumbini kulikuwa na bango moja tu, la kunawa mikono.

Na jamaa zangu kusikia niko ndani, wakaja kunipa pole. Kumi na wawili, kutoka Gazi, matatu nzima. Walinizunguka wakanitazama. Kisha wakaanza kutazamana wao kwa wao, joto, koo zimekauka, na nauli ya kurudi hakuna aliyeitaja lakini naiona machoni. Mgonjwa ni mimi, mfungwa ni mimi, na mwenyeji ni mimi. Basi nikatafuta njia, wakanywa soda, wakarudi salama.

Aliyenitoa ni mama mkwe. Alitoka Msambweni na kanga zake mbili na matatu ya kwanza ya asubuhi, akauliza wapi panawekwa kidole, akaweka kidole gumba. Mdhamini. Mimi nikaacha kitambulisho changu kama rehani, nikapewa kandambili, nikaondoka. Ule udhamini nilidhani ni mambo ya fomu tu. Si unajua fomu za huku, lazima pawe na mtu chini.

Sikurudi kulipa. Nilikusudia, Mungu anajua. Mwezi ule kodi, mwezi ule sare za shule, kisha nikaona haya, na haya ikizidi miezi sita inageuka kuwa kazi. Nikawa sipiti barabara ile. Nikiwa kwenye matatu na inapita mbele ya hospitali, nainama kufunga kamba za viatu. Nimevaa makubadhi. Kitambulisho nikaenda kituo cha polisi nikaripoti kimepotea kwenye feri, nikapata kingine. Miaka minane hivyo. Simu ya namba nisiyoijua sipokei. Nimekosa harusi mbili na mazishi moja kwa sababu waliopiga walikuwa na laini mpya.

Sasa basi, deni hilo ndilo linaloninyima mogeji. Nikaamua kufa kiume. Nikauza pikipiki. Aliyenunua ni jirani yangu wa chumba cha tatu, na kila asubuhi ananipita nikienda kwa miguu, anapiga honi mbili za salamu, vumbi lote langu. Pesa nikaziweka kwenye bahasha ya kaki, elfu thelathini na nane na mia sita, nimezihesabu kama mayai, nikaingia hospitali ile kwa mlango mkubwa. Askari ni yule yule! Amenenepa. Mimi nilimjua, yeye hakunijua, akanikaribisha.

Kwenye kaunta nikamwambia mama wa malipo, kwa sauti ili na wengine wasikie, kwamba nimekuja kulipa deni langu. Akatafuta kwenye kompyuta. Akaenda nyuma kuangalia faili. Akarudi. "Hudaiwi."

Nikamwambia nadaiwa.

"Hudaiwi baba."

Nikamwambia mama, mimi ndiye mwenye deni, ninalijua deni langu, nimeishi nalo, nimelikimbia miaka minane, wewe utanifundisha? Chukua pesa. Akasema akichukua pesa isiyo na bili yeye ndiye atafukuzwa kazi. Nikasukuma bahasha, akairudisha. Nikasukuma. Foleni nyuma yangu imeanza kunung'unika, kuna mama ana mtoto mwenye homa, kuna mzee anasema huyu amerukwa. Askari akaitwa. Akanishika mkono pale pale juu ya kiwiko, nikaukumbuka mshiko wake. Mara ya kwanza mtu huyu alinizuia nisitoke kwa sababu sina pesa. Safari hii ananitoa mbio kwa sababu ninazo.

Pale nje juani ndipo nilipopata akili ya kuifungua risiti ndogo aliyonipa yule mama ili niondoke. Deni lilimalizwa mwaka 2021. Kwa mafungu. Mlipaji: mdhamini.

Nikakaa kwenye mzizi wa mwembe.

Sikwenda Msambweni siku ile. Nilikwenda benki kwanza, kwa sababu benki hawana macho kama ya mama mkwe. Nikamwekea yule binti risiti mezani, nikakaa nimenyooka. Akaisoma. "Mzee, hii ni ya hospitali." Ndiyo. "Deni lililo CRB si la hospitali." La nani basi? Akageuza kompyuta nione. Mkopo wa simu. Shilingi 1,155.

Soda.

Zile soda! Niko kwenye benchi, jamaa kumi na wawili wamenizunguka, nikabonyeza simu chini ya shuka nikakopa elfu moja. Mia nane za nauli, mia mbili za soda. Ada yao asilimia saba na nusu, mwezi ukipita hujalipa wanakupiga ada nyingine juu yake, ikafika 1,155, ikatulia hapo kama mamba. Mimi niliisahau kabla hata chupa hazijarudishwa dukani. Na binti, bila kukusudia ubaya, akaniambia kwamba mwaka 2020 Benki Kuu ilizuia mtu kupelekwa CRB kwa deni lisilofika shilingi elfu moja, na waliokuwa wameingizwa kwa vijipesa hivyo wakatolewa. Ningekopa mia nane peke yake ningekuwa nimetakasika. Kilichoniponza ni mia mbili za soda. Na katika wale kumi na wawili, mjomba alikunywa mbili.

Tena kuna kubwa zaidi. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza kwamba wenye mikopo ya simu iliyolala kwenye benki wasamehewe nusu, walipe nusu iliyobaki mpaka Mei ya mwaka uliofuata. Watu zaidi ya milioni nne, deni lao kama bilioni thelathini. Nakumbuka siku ile vizuri. Tulikuwa kwa muuza kahawa, redio inasema, na mimi, mimi mwenyewe, nimeshika kikombe, nikawahutubia watu. Nikasema Wakenya hawana aibu. Milioni nne wanakopa kwenye simu hawalipi, hawa ndio wanaoharibu nchi. Watu wakatikisa vichwa, mmoja akanilipia kahawa. Wiki ile ile ikaingia meseji: deni lako limepunguzwa nusu. Nikawaonyesha. Nikasema mnaona? Hawa ni wale wa Kamiti, wako jela wanatuma meseji wakitafuta wajinga. Nikaifuta mbele ya mashahidi.

Nikalipa 1,155 pale pale, kwa simu, mbele ya binti, mkono unatetemeka kwa furaha. Imekwisha! Niandikie nyumba yangu. Akasema bado. Ukishalipa, ile habari kwamba ulichelewa inakaa kwenye rekodi miaka mitano zaidi. Si kwamba benki imekatazwa kunipa, alisema, rekodi mbaya peke yake haitakiwi kuwa sababu ya kumnyima mtu, lakini kamati itaangalia, na kuna ile theluthi, na kuna umri, mzee. Nikahesabu. Mwaka 2030 nitakuwa na arobaini na tisa. Vidole havikuhitajika.

Jumapili nikapanda matatu, nikaenda Msambweni. Nimebeba sukari kilo mbili na bahasha. Mama mkwe alikuwa uani amekaa kwenye mkeka, anashona makuti. Ndiyo kazi yake tangu nimjue. Mashada ya makuti yamepangwa ukutani, lori la hoteli huja kuyachukua, na mapaa ya Diani yamejaa mishono yake, hata pale kazini kwangu, stoo ninayohesabia mayai, ukiangalia juu ni yeye. Miaka minane nakaa chini ya makuti ya mama mkwe, na kumbe alikuwa akiyashona alipe kidole tumbo changu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Leo umekuja bila pikipiki."

Nikaeleza. Nilieleza kirefu, nikizunguka zunguka kama mbuzi wa kamba, hospitali, kaunta, risiti, 2021. Mkono wake haukusimama, kuti juu ya kuti. Mwisho nikauliza, mama, kwa nini hukunambia? Akashangaa kweli kweli. "Nilikwambia. Idi ile baada ya korona, umekaa hapo hapo ulipo. Nikakwambia, mkwe, lile jambo letu nimelimaliza. Ukanambia asante mama, ukaomba wali uongezewe."

Nilikumbuka wali.

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye picha ya twiga, limefungwa na mpira. Akalifungua kwenye mkeka. Jina langu liko juu, lenyewe tu, "Mkwe", na chini yake mstari kwa mstari. Mia tano. Mia tano. Elfu moja, lori lilikuja mara mbili. Halafu mwaka 2020, hoteli zimefungwa, hakuna anayetaka kuti, mia mbili. Mia mbili. Mia. Kuna mwezi ameandika shilingi hamsini na nauli yake pembeni, na nauli ni kubwa kuliko hamsini. Nikameza mate. Nikatoa bahasha, nikaiweka kwenye mkeka kwa mikono miwili. Akahesabu, mara mbili. Akapiga mstari.

Kisha akafungua ukurasa wa pili.

Sikujua kama kuna ukurasa wa pili. Mchele kilo tano, mwaka 2014. Jogoo, mwekundu, wa aqiqa ya mtoto wa pili ambapo mbuzi alichelewa. Taa ya chemli. Nauli ya kwenda Lunga Lunga, safari niliyoapa kwamba nitarudi na pesa. Kule CRB mambo hufutika baada ya miaka mitano. Nikamuuliza kwa heshima kama huku nako kuna muda. Akaniangalia, na hapo ndipo nilipojua mama watoto yale macho ameyatoa wapi.

Alipokuwa akifunua ukurasa mwingine, kitu kikateleza kutoka kwenye daftari kikaanguka juu ya makuti. Kitambulisho changu. Kile cha rehani, kile nilichowaambia polisi kimepotea kwenye feri. Kijana mmoja mwembamba, nywele tele, ananitazama kama asiyenijua.

"Walinipa nilipomaliza," akasema mama mkwe. "Hukuwahi kukiulizia."

Nikanyoosha mkono. Akawahi yeye, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakirudisha katikati ya daftari na kulifunga na mpira wake.

"Ukimaliza, mkwe," akasema, akavuta kuti jingine.